Injini ya Kurudi

Fundi bodi wa mtaani kwetu hapa Kihesa, Iringa, ana kawaida moja. Kabla hajachomelea chochote karibu na tangi la mafuta, hulowanisha gunia la katani na kulifunika nalo lile tangi lote, ndipo anapovaa miwani yake na kuanza kazi. Juzi nilikuwa napita na mboga zangu mkononi, upepo ukanigeukia, nikaipata ile harufu: katani iliyolowa ikigusa chuma cha moto, vumbi la mpunga ndani yake, na kwa mbali petroli. Miguu ikakataa kwenda. Nilisimama pale mpaka fundi akainua miwani na kuniuliza, "Dada, kuna kitu umedondosha?"

Nikamwambia hapana. Lakini njia nzima hadi nyumbani sikuwa Kihesa tena. Nilikuwa Ubaruku, sijaanza hata darasa la pili, miguu imejaa tope hadi magotini, na mbele yangu ndege nyeupe imefunikwa magunia mgongoni kama mgonjwa wa malaria.

Watu wa rika langu waliokulia kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali huenda wanaikumbuka ile ndege. Ilikuwa na mstari wa bluu ubavuni na haikufanana na ndege nyingine yoyote. Ndege tulizokuwa tunachora chini kwa vijiti zilikuwa na pangaboi puani, au moja kila bawa. Hii ilikuwa na injini mbili, moja puani na nyingine mgongoni, nyuma ya viti vya abiria. Mkia wake haukutoka mwilini. Ulishikwa na vyuma viwili virefu vilivyotoka kwenye mabawa na kuunganishwa huko nyuma kwa kipande cha kukingama. Kwa macho yangu ilikuwa machela yenye mabawa. Na niliona ni sawa kabisa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubeba wagonjwa kutoka vijijini hadi hospitali kubwa upande wa Iringa. Sisi watoto tuliiita Mbele-Nyuma.

Ilijulikana kwa sauti kabla haijaonekana. Injini zake hazikuwahi kuimba sauti moja. Zilivuma kama wazee wawili wanaosali sala ileile, mmoja akimtangulia mwenzake kwa neno moja. Mama aliisikia kabla ya mtu yeyote. Angekuwa ameinama kwenye majani, angesimama ghafla na kusema, "Atu, ng'ombe!" nami ningejua ina maana ndege iko njiani na uwanja hauna budi kuwa mweupe.

Mama ndiye aliyekuwa mtunza uwanja. Alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, mwenye hatua ndefu, asiyependa maneno mengi. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi kati ya mashamba ya mpunga na zahanati, wenye mlingoti mmoja na soksi ya upepo iliyochakaa. Yeye alizikata nyasi kwa fyekeo, akafukia mashimo ya panya, akafukuza ng'ombe wa wafugaji. Mimi nilikaa kwenye kichuguu mwisho wa uwanja kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniacha naye, na hapo ndipo nilipojifunza kila kitu nilichokijua kuhusu ndege. Karibu chote kilikuwa si kweli.

Baba alikuwa Mnyakyusa wa milimani, huko upande wa Mbeya, aliyeshuka bondeni kwa ajili ya mashine. Alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Alizipenda injini jinsi watu wengine wanavyopenda mpira. Ndege ikipita juu, aliacha kula, akatoka nje na tonge mkononi, akaitazama mpaka ipotelee mbali.

"Baba, kwa nini inazo mbili?" nilimuuliza siku moja.

"Ya mbele inavuta, ya nyuma inasukuma," alisema. "Umeona mkokoteni ukinasa kwenye tope? Mmoja anakokota mbele, mwingine anasukuma nyuma. Ndivyo hivyo."

Nilitikisa kichwa kwa heshima, lakini sikukubali. Mkokoteni nilikuwa naujua, na mtu anayesukuma nyuma alikuwa anauona mkokoteni. Ile injini ya nyuma ilikuwa inatazama huko ilikotoka. Kitu kinachotazama nyuma kinataka kurudi nyuma, hata mtoto anajua. Basi nikaamua mwenyewe: ya mbele ni ya kwenda, ya nyuma ni ya kurudi. Ushahidi niliuona kwa macho yangu. Wagonjwa wengi walioondoka na Mbele-Nyuma walirudi wakitembea kwa miguu yao. Binti wa jirani yetu, aliyepelekwa kwa trekta wakati wa masika, hakurudi. Trekta lina injini moja tu.

Sikumwambia mtu. Lilikuwa jambo la wazi mno, niliona wakubwa wote wanalijua.

*

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Barabara ya kwenda Rujewa iligeuka uji, malori yakalala njiani. Asubuhi moja mama alikuwa anafukia shimo na mimi niko kwenye kichuguu changu, tukasikia mashine ya kukoboa ikizimika. Mashine huzimika kwa kupungua pole pole, kama mtu anayeshusha pumzi. Ile ilikatika. Mama akaweka jembe chini, akatazama upande wa mashine. Kisha tukaona watu wanakimbia.

Mkanda wa mashine ulikuwa umemvuta baba kwa mkono wa shati. Walipomfikisha zahanati mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kanga ya mtu, na kanga ilikuwa imebadilika rangi. Alitembea mwenyewe. Hicho ndicho kilichoniogopesha, kwamba alitembea taratibu, akiwa amenyooka, kama mtu anayepeleka sadaka mbele kanisani. Aliponiona alisema, "Atu, mashine imenishinda leo," akajaribu kutabasamu.

Nesi akaita ndege kwa redio. Ikafika jua likiwa utosini.

Rubani aliitwa Kapteni Ambakisye. Alikuwa Mnyakyusa kama baba, mfupi, mwenye kofia iliyopauka, na kila aliposhuka alimsalimia mama kwa Kihehe, "Kamwene," kwa lafudhi iliyomchekesha. Siku ile hakusalimia. Alizima injini zote mbili, akafungua mlango, wakaanza kumpandisha baba. Ilichukua muda. Mkono ulikuwa haugusiki, na viti vilitakiwa kulazwa, na nesi ilimbidi akae pembeni akiwa ameinua chupa ya dripu. Baba mdogo Anyosisye, mdogo wake baba, alitaka kwenda naye, akaambiwa uzito utazidi. Mama hakuomba kwenda. Aliegemeza kichwa mlangoni, akasema maneno mawili matatu na baba, kisha akarudi nyuma kushika kazi yake.

Jua la bonde letu la Usangu baada ya mvua halina huruma. Lilikuwa limekaa juu ya ile ndege muda wote huo.

Kapteni akawasha. Ya mbele ikawaka, ya nyuma ikawaka, zikaanza kusali kama kawaida yao. Ndege ikaondoka pale zahanati ikiyumba kwenye tope, ikaja polepole hadi mwisho wa uwanja, upande wangu, ili igeuke ianze kukimbia. Nilikuwa nimezoea kugeuzia uso pembeni hapo, kwa sababu upepo wa injini ya nyuma ulirusha matope na majani hadi kichuguuni. Nikageuza uso, nikasubiri upepo.

Upepo haukuja.

Nikatazama. Mbele pangaboi lilikuwa duara la mwanga, na kelele ilikuwa ileile ya kuziba masikio. Lakini nyuma, katikati ya vile vyuma viwili vya mkia, niliona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona ndege ikiwa inaondoka: mapanga mawili meusi yametulia. Niliweza hata kuona ncha zake zilizopakwa rangi ya njano. Ndege ikaanza kukimbia.

Nilichokielewa kilikuwa kimoja tu. Baba anapelekwa, na ile ya kurudi haifanyi kazi.

"Mama!" nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga tena maishani. "Mama! Ya kurudi haizunguki! Ya kurudi!"

Mama alikuwa katikati ya uwanja, pembeni, amesimama alipozoea kusimama. Sijui kama alisikia maneno. Aliona mkono wangu unakoelekea, akatazama, na yeye aliyekuwa ameitazama ndege ile ikiondoka zaidi ya mtu yeyote pale kijijini alijua kwamba pangaboi la nyuma halionekani ndege ikiondoka. Likionekana kuna jambo. Akafungua kitenge chake cha juu, akaingia katikati ya njia, akasimama mbele ya ndege inayokuja, akikipunga kwa mikono miwili.

Watu walipiga ukunga. Baba mdogo alikuwa anakimbia akimwita, "Shemeji! Shemeji toka!" Hakutoka. Ndege ikaserereka kwenye nyasi, ikakaa upande, ikasimama. Kati ya mama na lile pangaboi la mbele hazikuzidi hatua kumi.

Kapteni alishuka kwa hasira. "Mama, umechanganyikiwa? Nina mgonjwa ndani! Unataka kufa?"

Mama alinyoosha kidole tu.

Kapteni akazunguka nyuma. Nilikuwa nimeshafika nikikimbia, nikamwona akilikuta lile pangaboi limetulia. Aliligusa kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akavua kofia. Akatazama mwisho wa uwanja, ilikokuwa miti ya migunga na mfereji mkuu, akatazama tena injini.

"Nani ameona?" aliuliza baadaye, sauti imeshuka.

"Mtoto," mama akasema.

Akachuchumaa mbele yangu. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. "Umejuaje, mwanangu?"

"Ya nyuma ndiyo ya kurudi," nikasema. Nilikuwa nalia. "Baba angeenda, halafu asirudi."

Nimewahi kujiuliza mtu mwingine angenijibu nini. Angeweza kunicheka, au kunielimisha. Kapteni Ambakisye alinitazama, akavaa kofia yake, akasema, "Kweli. Basi hatuondoki mpaka tuiwashe ya kurudi."

Haikuwaka. Aliijaribu mara tatu, ikakohoa tu. Hapo ndipo sauti ya baba ilipotoka mlangoni, dhaifu lakini ya fundi. "Kapteni, usiilazimishe. Imepikwa na jua. Mafuta yamegeuka mvuke kwenye mipira. Ipozeni kwanza."

"Tumwagie maji?"

"Hapana, mtaipasua. Magunia. Lowekeni magunia, funikeni mipira na pampu, mbadilishe yakipata moto."

Wanawake waliokuwa wanapandikiza mpunga walikuwa wameshatoka mashambani kuja kuona kulikoni. Mama akageuka akawaambia kwa sauti ya amri, na ikawa safari ya mfereji na ndege, ndege na mfereji. Magunia ya mpunga yalitumbukizwa majini, yakabebwa yakichuruzika, Kapteni akayapokea na kuyapanga ndani ya ule mgongo uliofunuliwa. Moshi mweupe wa mvuke ukapanda. Ndiyo hiyo harufu. Mimi nilibeba gunia moja na mama mmoja wa Kisangu, tukilishika ncha huku na huku, na ndani ya ndege nilimsikia baba akiuliza kila mara, "Bado linatoa moshi? Likiacha kutoa moshi, mwambieni ajaribu."

Muda uliopita, nikiufikiria sasa, ni kama wa kupika ubwabwa mpaka ukauke. Siku ile ulikuwa mrefu kuliko masika yote. Kisha ikajaribiwa, ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Wanawake wakapiga vigelegele, wamelowa wote. Baba akasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti niliyoisikia hadi nje, "Ndaga fijo," asanteni sana. Mara hii Kapteni alimtuma mtu aifuate ndege kwa pembeni hadi mwisho wa uwanja akiwa ameinua mkono, kuonyesha kwamba pangaboi linazunguka. Wakaondoka.

Baba mdogo alikuwa amesimama karibu na sisi akiifuata kwa macho. "Angeondoka mara ya kwanza, saa hizi angekuwa anakaribia kufika," alisema. Hakumtazama mama aliposema.

*

Baba alirudi baada ya majuma kadhaa, na alirudi kwa Mbele-Nyuma, kama nilivyojua atarudi. Alishuka mwenyewe. Nilimkimbilia, kisha nikasimama. Mkono wa shati wa kulia ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa pini, na chini ya pini hapakuwa na kitu.

Hakuna aliyegombana. Laiti wangegombana. Baba mdogo Anyosisye alikuwa mtu wa maneno ya pembeni. Kwenye kisima, baada ya ibada, kwenye foleni ya mashine, alikuwa na sentensi yake moja: madaktari walisema mkono haupendi kuchelewa. Hakuna daktari aliyewahi kumwambia hivyo, kwa sababu hakufika hospitali. Lakini sentensi ikiwa fupi na ya huzuni watu huibeba bila kuipekua. Siku moja akaisema nyumbani kwetu, na mama yuko jikoni. "Shemeji hakuwa na nia mbaya," aliongeza, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Mama aliacha kazi ya uwanja. Alirudisha fyekeo zahanati, akaenda kupandikiza mpunga na wenzake. Akawa mtu wa maneno machache zaidi ya yale machache. Ndege ikivuma mbali, hakusimama tena. Aliendelea kuinama.

Na mimi nilijua kosa si lake. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Mama alipunga kitenge kwa sababu yangu, na baba hana mkono kwa sababu yangu. Sikumwambia mtu hilo pia. Nilichoamua ni kwamba sitapiga kelele tena. Darasani mwalimu aliuliza maswali ambayo majibu yake ninayo, nikakaa nayo. Mwaka mmoja mwenzangu alidondosha daftari lake kwenye mfereji, nikaliona likielea linaondoka, nikashindwa kufungua kinywa. Waliniita mpole. Wazazi wa wenzangu walinitolea mfano.

Kapteni alikuja nyumbani mara moja, miezi mingi baadaye, alipoleta chanjo na mvua ikamzuia. Mama alimpikia ubwabwa na perege. Baba alikuwa ameshajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, na alimuuliza habari za ndege mpaka chakula cha mgeni kikapoa. Ndipo tukaijua historia yake. Ilitengenezwa nchi ya mbali, kwa watu waliotaka kurusha ndege ya injini mbili lakini wanaziogopa. Ndege yenye injini kwenye mabawa, alisema, moja ikifa ile nzima inaizungusha kama ng'ombe wawili wa kulimia mmoja akianguka. Rubani asiye mwepesi anakufa. Sasa hawa wakaziweka kwenye mstari mmoja, mbele na nyuma. Moja ikifa, ndege inakwenda vilevile moja kwa moja, inachoka tu. "Lakini marubani waliicheka," alisema. "Waliiita ndege ya wasiojua. Nyingine za aina yake zilipelekwa vitani kutafuta maadui kutoka juu. Hii yetu ilipiga picha za ramani, ikahesabu tembo huko Ruaha, ikachoka, ndipo ikanunuliwa kwa ajili ya wagonjwa."

"Na ubaya wake?" baba aliuliza. Fundi huuliza ubaya wa kitu.

"Ya nyuma huioni, na ya mbele ikivuma huisikii. Inaweza kufa ukiwa bado chini usijue. Mishale ya vipimo inaonyesha, ndiyo, lakini siku ile mimi nilikuwa naitazama damu yako, siitazami mishale." Akamgeukia mama. "Mama Atu, ningetuua sote watatu pale kwenye migunga. Rudi uwanjani. Nataka mtu anayejua kutazama."

"Nimesikia, baba," mama alisema. Akaondoa sahani. Hakurudi.

Nilisubiri baba aseme kitu. Alikuwa anachora injini mezani kwa kidole kilicholowa maji.

*

Miaka ikapita kama inavyopita. Barabara ikawekwa lami, wagonjwa wakaanza kwenda kwa gari hadi Mbeya, ndege ikawa inakuja kwa nadra, kisha haikuja. Uwanja wa mama ukalimwa; sasa ni mpunga kutoka zahanati hadi kilipokuwa kichuguu changu. Nilisoma, nikaja Iringa, nikawa mwalimu. Ndiyo, mimi niliyekaa na majibu. Huwa nawatafuta kwanza wale wapole wa nyuma.

Kwenye somo la fizikia, nikiwa nimeshakuwa msichana mkubwa, nilielewa hatimaye kwamba pangaboi la nyuma husukuma mbele. Nilielewa na nikakasirika, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyimbo za kanisani alizozipenda zilikuwa na maneno mengine.

Kisha, nikiwa tayari na watoto wangu, nilipita kando ya uwanja mmoja wa zamani nikaiona. Ilikuwa imeegeshwa kwenye majani, haina magurudumu, injini zote mbili zimeng'olewa, njiwa wanaingia na kutoka mgongoni. Mstari wa bluu ulikuwa bado upo. Mlinzi aliniruhusu niiguse. Nikaipiga picha kwa simu, na likizo ilipofika nikapanda basi kwenda Ubaruku kumwonyesha baba.

Alikuwa mzee sasa. Tulikaa uani, yeye kwenye kiti chake, mama hatua chache kutoka pale akipeta mchele kwenye ungo. Aliishika simu kwa mkono wake wa kushoto, akaisogeza mbali na macho, akaitazama muda mrefu.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Wamemtoa moyo na mapafu."

Sijui ni ile picha, au sauti ya mchele kwenye ungo. Kinywa kilifunguka chenyewe. "Baba, naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Siku ile. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Mngeondoka mara ya kwanza, mkono wako…"

Alinitazama kama nimeongea lugha ya kigeni. "Atu. Tungeondoka mara ya kwanza, ungezika mfuko wa vipande. Hukumsikia Kapteni?"

"Nilimsikia. Lakini ulichelewa."

"Nilichelewa wapi? Mkono uliishia kwenye mashine." Alisema bila uchungu, kama anataja kipuri. "Mimi ni fundi, mwanangu. Kitu kikisagika najua kama kinatengenezeka au la. Niliutazama kabla hawajaufunga kanga. Nesi mwenyewe alisema twende kwa trekta hadi barabara kuu, damu alikuwa ameshaizuia. Mimi ndiye niliyesema hapana, iitwe ndege."

Ungo ulinyamaza.

"Kwa nini?" mama aliuliza. Sikumbuki mara ya mwisho alipokuwa ameuliza jambo lolote kuhusu siku ile.

Baba akainamisha kichwa. Aliipapasa simu, ikazimika mkononi mwake, hakujua kuiwasha tena.

"Nilitaka kuipanda," alisema.

Kuku alipita kati yetu. Hakuna aliyemfukuza.

"Nilijua sitapata nafasi nyingine. Mtu mzima haendi kuomba kupanda ndege ya wagonjwa. Nikasema, kama mkono umekwenda, angalau nisikie ile injini ya nyuma nikiwa ndani." Akamgeukia mama. "Halafu wewe ukasimama mbele ya pangaboi kwa ajili yangu. Watu wanalia, wanabeba magunia. Ningekuja kusema nini? Kwamba nilitaka kutembea hewani? Niliona aibu, Mama Atu. Nikanyamaza. Sikujua kama yale maneno ya Anyosisye uliyabeba."

"Niliyabeba."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Mama aliweka ungo chini. Nilidhani atalia, au atasimama aingie ndani, na sikujua lipi lingekuwa baya zaidi. Aliutazama ule mkono wa shati uliofungwa pini, akamtazama baba usoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kutambua kwamba mama yangu anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Wewe mwanaume wewe," alisema, na akarudia. "Wewe mwanaume wewe." Baba alikuwa anamtazama kwa woga, kama mtoto ambaye hajui bado kama atachapwa.

Kisha mama akachukua kigoda chake, akakivuta hadi karibu kabisa na kiti cha baba, upande wa kulia, akakaa.

"Haya, nieleze," alisema. "Anza pale ilipoachana na ardhi. Na usiruke kitu."